Tarakimu 300 Haichori Mstari

Kuna amri moja inayotangulia masomo yote ya uchoraji wa kidijitali, iwe ni darasani, kwenye video fupi za mafunzo au kwa fundi wa mabango: weka DPI, yaani idadi ya nukta kwa inchi, iwe 300. Mwanafunzi akilalamika kwamba mistari yake ina meno, swali la kwanza anaulizwa DPI yake ni ngapi. Akijibu 72, kesi imekwisha, mkosaji amepatikana. Akijibu 300, anaambiwa awashe stebilaiza, kile kitulizi cha mstari kilichomo ndani ya programu, mpaka mwisho. Na kama hata hapo mstari umegoma kulainika, anaambiwa kifaa chake ni duni, ajikusanye anunue kingine.

Naupinga mlolongo huu wote. Tarakimu ya DPI haina uwezo wa kulainisha mstari wowote. Stebilaiza iliyokazwa mpaka mwisho huuharibu mstari kuliko inavyouponya. Na kifaa cha bei kubwa hakina siri ambayo simu ya kawaida imenyimwa. Ulaini wa mstari hutokana na idadi ya pikseli zilizopo ikipimwa na umbali wa jicho litakalotazama, na namna brashi inavyopaka kingo zake, na zaidi ya vyote hutokana na mwendo wa mkono. Mambo haya yanafundishika bila gharama, na ndiyo maana inaniuma kuona vijana wanatozwa fedha na kukatishwa tamaa kwa sababu ya tarakimu.

Tuanze na hiyo 300. Chukua picha yenye pikseli 3000 kwa 3000. Ihifadhi mara mbili, nakala moja iandikwe DPI 72, nyingine 300. Zifungue kwenye simu moja uzilinganishe pikseli kwa pikseli. Hakuna iliyoongezeka wala iliyopungua, wala rangi yoyote iliyohama. Kilichobadilika ni maandishi machache ndani ya faili yanayomwambia mchapaji: ukiitoa hii kwenye karatasi, panga pikseli 72, au 300, katika kila inchi. Nakala ya kwanza itatoka na upana wa sentimita 106 hivi, ya pili sentimita 25. Simu inapoonyesha picha haiyajali maandishi hayo kabisa. Ni sawa na gunia la mahindi lililoandikwa kilo 50: ukifuta ukaandika 90, mahindi ni yaleyale.

Kwa nini basi watu wengi wazima, wenye ujuzi wao, wanaapa kwamba waliona tofauti kwa macho? Waliiona kweli, ila walimpa sifa asiyestahili. Programu nyingi za kuchorea humruhusu mtu kufungua turubai kwa sentimita. Ukichagua karatasi ya A4 ukaandika 72, programu inazidisha kimyakimya na kukupa pikseli 595 kwa 842, ambazo ni kama nusu milioni kwa jumla. Ukiandika 300 unapata 2480 kwa 3508, pikseli milioni 8.7. Bila shaka mstari utakaochorwa kwenye turubai ya pili utakuwa laini zaidi. Lakini kilichomlainishia mchoraji ni zile pikseli milioni 8.7. Angeandika mwenyewe 2480 kwa 3508 na kuacha DPI kwenye 72, angepata mstari uleule bila tofauti ya hata pikseli moja. Amri ya 300 hufanya kazi kwa kubahatisha, pale tu inapokutana na vipimo vya karatasi. Anayefungua turubai kwa pikseli, kama wanavyofanya wengi wanaochora kwa simu, anaweza kuandika 300 au 3000 na asipate chochote.

Hata 72 inayotukanwa ina historia yake ya heshima. Kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na skrini ya pikseli 512 kwa 342, zikipangwa 72 katika inchi moja, ili pointi ya wapiga chapa, ambayo ni karibu sehemu ya 72 ya inchi, ilingane na pikseli moja. Skrini nyingi za leo haziko hivyo tena. iPhone 4 ya mwaka 2010 tayari ilikuwa na pikseli 326 kwa inchi. Tarakimu 72 imebaki ndani ya mafaili kwa mazoea, na mazoea hayo ndiyo tunayowahukumia vijana.

Kosa hili lingekuwa la kinadharia tu kama lisingekuwa na madhara. Kijana amemaliza picha ya pikseli 1080 kwa 1080. Mtu wa kuchapa anamwambia, hii ni 72, niletee ya 300. Kijana anarudi, anafungua dirisha la ukubwa wa picha, anafuta 72 na kuandika 300 huku kisanduku cha kuongeza pikseli kikiwa kimewashwa. Programu inatii na kumpa picha ya pikseli 4500 kwa 4500. Sasa faili ina pikseli zaidi ya milioni 20, na zilizochorwa na mkono wake hazifiki hata milioni moja na robo. Zilizobaki zimekadiriwa na programu kutokana na rangi za majirani. Meno yamegeuka ukungu, mstari uliokuwa mkali umekuwa mnene na mlegevu, na picha inachapwa hivyohivyo kwa sababu tarakimu imeridhisha.

Wengine huumizwa kwa upande wa pili. Kwa hofu ya meno, mtu anafungua turubai ya A3 yenye DPI 600 kwenye simu ya kawaida. Hiyo ni pikseli 7016 kwa 9921, na kila pikseli ikichukua baiti nne, tabaka moja tu linakula karibu megabaiti 278 za kumbukumbu. Ndiyo maana programu za simu na tableti hupunguza idadi ya matabaka kadiri turubai inavyopanuka. Brashi inaanza kuchelewa, mstari unaufuata mkono kwa nyuma, na mchoraji anaanza kuvuta polepole ili kuusubiri. Kwenda polepole kunaleta mtetemo. Kwa hiyo aliyeongeza DPI ili alainishe mstari ameupotosha, kisha anaambiwa tena kwamba simu yake haifai.

Haya meno yanatoka wapi? Mwaka 1962, Jack Bresenham wa IBM alitunga hesabu ya kuiongoza mashine ya kuchorea ipige mstari ulioinama kwa hatua ndogondogo zilizonyooka. Hesabu hiyo ikaja kuwa njia ya kuchagua pikseli zipi zijazwe kwenye skrini. Katika hesabu ya aina hiyo pikseli ama imejaa ama ni tupu, hakuna katikati, na mstari wenye mwinamo mdogo hauna budi kupanda kwa vingazi. Mwaka 1977 Franklin Crow alichapisha makala iliyoeleza kiini cha tatizo na tiba yake. Kwa ufupi, pikseli inayoguswa nusu na mstari ipewe nusu ya rangi ya mstari. Ukingo ukiwa na pikseli chache za kijivu, jicho huuona umenyooka.

Tiba hiyo ndiyo inayotofautisha penseli na brashi katika Photoshop na GIMP. Penseli hupaka pikseli nzima au haipaki kabisa, ilhali brashi hupaka kingo kwa viwango. Programu nyingine zina kisanduku cha kuwasha na kuzima ulainishaji wa kingo kwa kila brashi. Mwanafunzi aliyechagua penseli kwa sababu ya jina lake, akidhani ndiyo ya kuchorea mistari, anaweza kupandisha DPI mpaka usiku wa manane na meno yasiondoke. Wala simlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha.

Hapa napenda kukaa kidogo, maana ndipo jambo lenyewe lilipo na uzuri wake. Jicho lenye afya hutenganisha vitu viwili vilivyopishana kwa dakika moja ya nyuzi, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Lakini mteguko katika mstari ulionyooka jicho huugundua hata ukiwa mdogo mara kadhaa kuliko hapo. Kwa hiyo vingazi huonekana hata pale ambapo pikseli zenyewe hazionekani tena moja moja. Hii ndiyo sababu wachoraji wa manga wa Japani, ambao kurasa zao nyingi huwa nyeusi na nyeupe tupu bila kijivu chochote kingoni, hufanya kazi kwa 600 na wakati mwingine 1200 kwa inchi. Mistari yao ina vingazi, yote, kila mmoja. Ila vingazi hivyo ni vidogo mno, na wino unapoenea kidogo kwenye karatasi vinamezwa. Wanaofanya hivyo wana sababu nyingine pia: ukingo uliolainishwa huacha utepe mweupe unapojaza rangi kwa ndoo, ukingo mkali hauachi. Yaani wachoraji wenye mistari inayosifiwa dunia nzima wamezima ulainishaji kwa makusudi, kwa kuwa wanajua kazi yao itachapwa wapi na kwa ukubwa gani. Hapo ndipo 600 inapokuwa tarakimu yenye maana. Imeungana na karatasi yenye vipimo na jicho lililo umbali unaojulikana.

Alvy Ray Smith, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, aliandika waraka mwaka 1995 akisisitiza kwamba pikseli si mraba mdogo. Ni sampuli, kipimo cha rangi kilichochukuliwa kwenye nukta moja. Miraba tunayoiona tukivuta picha karibu kwa asilimia 1600 ni namna programu ilivyoamua kutuonyesha sampuli hizo. Naukumbuka waraka huo kila ninapomwona mchoraji amejikunja juu ya skrini akifuta mraba mmoja mmoja kwenye ukingo ambao mtazamaji hatauona kamwe kwa ukaribu huo. Mstari uhukumiwe kwa asilimia 100, au kwa ukubwa utakaotazamwa. Hukumu nyingine zote ni kujitesa.

Umbali nao unahesabika. Kwa sentimita 30, umbali wa kushika kitabu, ile dakika moja ya nyuzi ni sawa na pikseli 291 hivi kwa inchi. Huo ndio msingi wa 300, na kwa kitabu, jarida au kadi ya harusi ni kipimo kizuri, sina ugomvi nacho. Lakini bango la fleksi la mita tatu kwa mbili linatazamwa na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kwa umbali wa mita tano, dakika moja ya nyuzi ni milimita moja na nusu hivi, na upana wa mita tatu unahitaji pikseli zipatazo 2060 tu. Ukizidisha karibu mara tatu ili kuwaridhisha watakaosogea, unapata turubai ya 6000 kwa 4000, ambayo kompyuta ya kawaida inaibeba. Anayedai bango hilo lichorwe kwa 300 anadai pikseli 35,433 kwa 23,622, zaidi ya gigabaiti tatu kwa tabaka moja. Madai hayo yanatolewa kila siku na watu wanaopokea fedha za wateja.

Nije kwenye mkono, na stebilaiza.

Kalamu ya tableti hairekodi mstari, inarekodi nukta. Tableti nyingi huisoma kalamu kati ya mara 100 na 300 kwa sekunde. Apple Pencil kwenye iPad Pro husomwa mara 240. Programu ndiyo inayoziunganisha nukta hizo. Sasa, mkono wa kila binadamu mwenye afya hutetemeka kidogo, mara 8 hadi 12 kwa sekunde, hata kama mwenyewe hahisi. Ukivuta mstari kwa mwendo wa sentimita mbili kwa sekunde, mtetemo wa mara 10 unaacha wimbi kila baada ya milimita mbili, na hilo ndilo linaloonekana kama mstari wenye woga. Ukivuta kwa sentimita 30 kwa sekunde, wimbi lilelile limetandazwa kwenye sentimita tatu na limepotea machoni. Mtetemo haujapungua hata kidogo. Mwendo ndio umeushinda. Ndiyo maana mstari mrefu huvutwa kutoka begani, si kwenye vidole, na huvutwa kwa pigo moja. Wachoraji wa Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, huvuta nyasi na manyoya hivyo kwa rangi ya mafuta, bila kitufe cha kutengua.

Stebilaiza inafanya nini? Kwa kawaida huchukua nukta kadhaa zilizopita, ikatafuta wastani wake na kuchora huo wastani. Mtetemo unafutika, ni kweli. Lakini fikiria mduara. Wastani wa nukta zilizo juu ya tao huangukia ndani ya tao siku zote. Kwa hiyo kila mkunjo unasinyaa kidogo, na kadiri kiwango kinavyopanda ndivyo unavyosinyaa zaidi. Kona nazo zinakatwa. Pembe ya jicho, ncha ya kola na kiwiko kilichokunjwa, sehemu zinazompa mtu sura yake, ndizo zinazolainishwa mpaka kila uso unafanana na mwingine. Mstari pia unachelewa nyuma ya kalamu, na mkono unaojifunza kusubiri haujifunzi kamwe kuvuta. Kijana anayeanza na stebilaiza ya asilimia 100 anaweza kuchora mwaka mzima na bega lake lisijue lolote.

Watetezi wanasema wachoraji wakubwa wa katuni huiweka juu. Wako wanaofanya hivyo, na wana haki. Wanaitumia kwenye mkunjo mrefu wa mwisho, kisha wanaishusha wanapofika kwenye uso, kwa kuwa wanajua inachowapa na inachowanyang'anya. Mwenye ugonjwa wa kutetemeka mikono anaihitaji, na ni jambo jema kwamba ipo. Anayechora kwa kidole kwenye kioo kinachoteleza naye asione haya kuiwasha kiasi. Ninachokipinga ni kuifanya dawa ya kwanza kwa kila mtu, kabla ya mtu kuvuta hata mistari mia kwa bega lake mwenyewe.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Viwango vya mgandamizo wa kalamu, 2048 au 8192, huhusu unene na weusi wa mstari, havihusu unyoofu wake. Kipanya ndicho chenye kasoro ya kweli: hutoa nafasi kwa pikseli nzima za skrini, kwa hiyo ukichora turubai ikiwa imesinyazwa hadi robo, kila hatua yake ni pikseli nne za turubai, na meno yatajitokeza ukiivuta karibu. Tiba ni kuchora ukiwa umeivuta picha karibu, nayo ni bure. Na wanaosema achana na pikseli uhamie vekta, yaani mistari inayohifadhiwa kama hesabu, wajue kwamba programu ya Inkscape ni chombo kizuri mno kwa nembo na herufi, lakini mstari wa vekta nao huonyeshwa kwa pikseli mwishowe, na ngozi ya uso yenye mipako arobaini ya rangi ni kazi ngumu kwa vekta.

Kazi ikikamilika kuna mahali pengine inapoharibikia, na lawama humrudia mchoraji. Picha inatumwa kwa WhatsApp kama picha, inapunguzwa na kubanwa kwa JPEG. Mbano huo hukata picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na mara nyingi hupunguza habari za rangi kwa nusu kila upande, ndiyo maana mstari mwekundu juu ya buluu hutoka umechafuka kuliko mweusi juu ya nyeupe. Mteja anaona miraba na kusema mchoraji hajui kazi. Hifadhi kwa PNG, itume kama hati, na pikseli zote zitafika kama zilivyoondoka.

Kwa wenye maduka ya kuchapa nina ombi moja, na naomba lichukuliwe kwa uzito. Faili ikiletwa, usiikatae kwa sababu umeona 72. Soma upana wake kwa pikseli, uugawe kwa inchi za karatasi itakayochapwa. Ikiwa ni kadi ya kushikwa mkononi ukapata 300, chapa. Ikiwa ni bango la barabarani ukapata 50, chapa pia. Ukipata pungufu ya inayohitajika, mwambie mchoraji ni pikseli ngapi zinazokosekana, ili achore upya kwa ukubwa unaofaa badala ya kwenda kubadilisha tarakimu.